Iran: nani anatawala, na kwa nini watu hawaishi kuandamana? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Iran inapotajwa kwenye taarifa ya habari, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mengine huulizwa kwa hasira, mengine kwa kutaka kujua tu, na mengine ni mitego. Nimekusanya hapa yale yanayorudi zaidi. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Iran ina rais. Sasa huyu Kiongozi Mkuu ni nani tena?

Rais anachaguliwa kwa kura. Ana mawaziri, anaandaa bajeti, anakwenda New York kuhutubia Umoja wa Mataifa, na mkate ukipanda bei yeye ndiye anayetukanwa. Lakini majeshi si yake. Mkuu wa mahakama hamteui yeye. Redio na televisheni ya taifa haimo mikononi mwake. Hayo yote, kwa ibara ya 110 ya katiba, ni ya Kiongozi Mkuu, ambaye hana muhula wala hapigiwi kura na wananchi. Hata rais aliyeshinda kwa mamilioni ya kura haapishwi mpaka Kiongozi auidhinishe ushindi wake.

Tangu mapinduzi ya 1979 hadi uchaguzi wa 2024, Iran ilipata marais tisa. Kwa muda huohuo ilikuwa na Viongozi Wakuu wawili tu: Ruhollah Khomeini, mpaka alipofariki Juni 1989, na baada yake Ali Khamenei, ambaye kabla ya hapo alikuwa rais.

Dokezo dogo kwa wasomaji wa habari za Kiswahili: tazama cheo kilivyoandikwa, utajua habari imetoka wapi. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Tehran humwita "Kiongozi Muadhamu wa Mapinduzi ya Kiislamu". Ukikuta "Kiongozi Mkuu" au "kiongozi wa kidini", umeshavuka kwenda upande mwingine.

Wilayatul Faqih maana yake nini?

Faqihi ni neno tunalolijua: mwanachuoni wa fiqhi, yaani sheria za dini. Wilaya hapa si wilaya ya mkuu wa wilaya, ingawa mzizi ni huohuo. Ni mamlaka ya kusimamia, kama walii anavyosimamia ndoa ya bintiye au mali ya yatima.

Mashia Ithnaasheri wanaamini kwamba Imamu wa kumi na mbili yuko katika ghaiba, yaani amefichika machoni pa watu, tangu karne ya 9. Basi swali limekuwa lilelile kwa zaidi ya miaka elfu: akiwa ghaibu, nani awasimamie watu wake? Wanavyuoni wengi wa zamani walijibu kwa unyenyekevu. Walisema sisi tutaangalia mayatima, wakfu, hukumu za mirathi na khumsi. Mambo ya dola tutamshauri mtawala, tutamkemea, lakini kiti si chetu.

Mwaka 1970, Khomeini akiwa uhamishoni Najaf, Iraq, alitoa darsa mfululizo akasema kinyume chake: faqihi ana haki, tena ana wajibu, wa kuishika dola yenyewe. Miaka tisa baadaye darsa hizo zikawa katiba. Marekebisho ya 1989 yakalegeza sharti la elimu, kiasi kwamba Kiongozi hakulazimika tena kuwa marjaa, yaani mwanachuoni wa daraja la juu kabisa anayefuatwa na waumini. Bila marekebisho hayo Khamenei asingefaa, maana wakati huo hakuwa na daraja hilo. Mimi huona hapo ndipo nadharia ilipoipisha siasa: kiti kilianzishwa kwa hoja ya elimu, kisha elimu ikapunguzwa ili kiti kisibaki wazi.

Kwa hiyo uchaguzi ni maigizo?

Hapana, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Uchaguzi wa Iran si maigizo matupu, na wala si uchaguzi huru. Ni mashindano ya kweli baina ya watu waliokwisha kuchujwa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya "jina limekatwa". Iran kuna chombo kizima cha kukata majina, kinaitwa Baraza la Kulinda Katiba. Lina watu 12. Mafaqihi 6 wanateuliwa na Kiongozi. Wanasheria 6 wanapendekezwa na mkuu wa mahakama, ambaye naye kateuliwa na Kiongozi, kisha bunge linawapigia kura. Hawa 12 ndio wanaopitisha majina ya wagombea urais, wagombea wa bunge lenye viti 290, na pia wagombea wa baraza la wanavyuoni 88 ambalo kazi yake ni kumchagua Kiongozi, na kumwondoa akishindwa kazi. Fuata uzi huo kwa kidole: Kiongozi anawateua wanaowachuja wale watakaomsimamia Kiongozi.

Mwaka 2021 watu 592 walijiandikisha kugombea urais; wakapitishwa 7. Mwaka 2024 walijiandikisha 80; wakapita 6. Na usidhani wanaokatwa ni wapinzani tu. Akbar Hashemi Rafsanjani, rais wa miaka minane na mmoja wa watu wa karibu kabisa wa Khomeini, alikatwa 2013 akiwa na miaka 78. Ali Larijani, spika wa bunge kwa miaka 12, alikatwa 2021 na akakatwa tena 2024.

Lakini chekeche nalo hupitisha punje isiyotarajiwa. Mwaka 1997 wakubwa walimtaka Ali Akbar Nateq-Nouri. Wananchi wakampa Mohammad Khatami kura zipatazo milioni 20, karibu asilimia 70. Kwa miaka michache magazeti yakafunguka, vijana wakapumua. Kisha miswada ya bunge la wanamageuzi ikawa inagonga mwamba kwa Baraza lilelile, na mwaka 2000 magazeti yakafungwa kwa makumi. Watu wakajifunza somo chungu: unaweza kushinda uchaguzi usishinde kitu.

Mwaka 2009 hata kushinda kwenyewe kukawa na mgogoro. Mahmoud Ahmadinejad alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 60, na mamilioni wakaingia barabarani na swali la maneno machache: kura yangu iko wapi? Wagombea wawili walioshindwa, Mir-Hossein Mousavi na Mehdi Karroubi, wakafungiwa majumbani mwao Februari 2011 bila kufikishwa mahakamani.

Tangu hapo sehemu kubwa ya ghadhabu imehamia kwenye kutopiga kura. Mwaka 2021 waliojitokeza hawakufika nusu, na kura zilizoharibika, kama milioni 3.7, zilizidi kura za mgombea wa pili. Yaani, kwa hesabu za serikali yenyewe, "hakuna" alishika nafasi ya pili. Duru ya kwanza ya 2024, iliyofanyika baada ya Rais Ebrahim Raisi kufa katika ajali ya helikopta, walijitokeza kama asilimia 40, kiwango cha chini kuliko uchaguzi wowote wa rais tangu 1979. Hata Masoud Pezeshkian, daktari wa moyo aliyeshinda duru ya pili kwa ahadi ya kulegeza kamba, hakuweza kuwavuta zaidi ya nusu ya wapiga kura.

Sepah ni jeshi gani? Iran haina jeshi la kawaida?

Inalo. Lakini mashehe walioingia madarakani 1979 hawakuliamini jeshi waliloachiwa na Shah, mfalme waliyempindua, wakaunda la kwao pembeni: Walinzi wa Mapinduzi, Sepah kwa Kifarsi. Chini yake kuna Basiji, wanamgambo wa kujitolea waliosambaa mitaani, vyuoni, viwandani. Wakati wa vita na Iraq, 1980 hadi 1988, vijana wa Basiji walikufa kwa maelfu mbele ya mizinga ya Saddam. Heshima ile ya kifo cha shahidi ndiyo mtaji wa kwanza wa Sepah.

Mtaji wa pili ni fedha. Vita vilipokwisha, wahandisi wa Sepah walipewa kazi ya kujenga nchi, na kampuni yao, Khatam al-Anbiya, ikawa mkandarasi mkubwa wa mabwawa, barabara, mabomba ya gesi. Ongeza mifuko ya wakfu, bonyad kama wanavyoiita, iliyorithi mali za Shah na matajiri waliokimbia. Wakfu wa haramu ya Imamu Ridha kule Mashhad peke yake una mashamba, viwanda na majengo. Bunge likiuliza hesabu zake, haliendi mbali.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "Iran inatawaliwa na masharifu wa vilemba", mwambie atazame na mabuti. Miaka ya karibuni kilemba na buti vimekuwa vikivaliwa kwa zamu.

Mbona nchi ina mafuta halafu watu wanalia njaa?

Kuna vikwazo, na visidharauliwe. Mei 2018 Marekani ilijitoa kwenye mkataba wa nyuklia wa 2015, na uuzaji wa mafuta ukabanwa. Wagonjwa walitaabika kupata baadhi ya dawa, ijapokuwa dawa kwa maandishi hazikuwekewa vikwazo; benki za nje ziliogopa tu kugusa fedha za Iran.

Ila vikwazo havielezi kila kitu. Havielezi kwa nini mwenye bandari na ulinzi wa mpaka anatajirika kwa magendo huku mwenye kiwanda cha viatu anafunga. Havielezi mto Zayandeh Rud, uliokuwa ukipita chini ya madaraja ya kale ya Isfahan, kukauka kwa miezi mingi, hata wakulima wakapiga mahema kwenye mchanga wa mto wenyewe Novemba 2021 kudai maji yao. Wala havielezi Khuzestan, mkoa wenye mafuta mengi kuliko yote, ambako Waarabu wa huko walitoka Julai 2021 wakipaza sauti kwa Kiarabu: "Ana atshan", nina kiu.

Tazama fedha. Bei dukani hutajwa kwa toman, lakini noti zimeandikwa rial. Toman moja ni rial 10. Mgeni huhangaika siku mbili tatu na sifuri hizo. Wakati wa mkataba wa 2015 dola moja ilikuwa kama rial 32,000. Mwaka 2025 ilivuka rial 1,000,000 katika soko la mtaani. Mwalimu aliyeweka akiba kwa miaka hiyo kumi aliwekeza barafu juani.

Cheche mara nyingi huwa bei. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 15 Novemba 2019, bila tahadhari, petroli ilipandishwa: lita 60 za mwanzo za mwezi kutoka rial 10,000 hadi 15,000 kwa lita, na zinazozidi hapo rial 30,000. Ukilinganisha na pampu za Dar au Mombasa ni bure kabisa, najua. Lakini hesabu kwa mtu anayetoka kazini jioni akageuza gari lake teksi ili kodi ya nyumba itimie: faida yake yote ya usiku imemezwa na tangi. Watu walizima magari katikati ya barabara kuu wakashuka. Siku iliyofuata intaneti ilizimwa nchi nzima, karibu wiki nzima. Amnesty International ilithibitisha vifo visivyopungua 300. Reuters, ikiwanukuu maofisa wa ndani, iliandika 1,500.

Yule binti wa 2022 aliuawa kwa sababu ya mtandio?

Anaitwa Mahsa Amini kwenye karatasi za serikali. Nyumbani aliitwa Jina, jina la Kikurdi lenye maana ya uhai; kwetu ni bahati ya ajabu kwamba neno hilo lina maana nyingine. Alikuwa na miaka 22, mtu wa Saqqez katika mkoa wa Kurdistan. Alikuja Tehran na ndugu yake. Tarehe 13 Septemba 2022 polisi wa maadili walimkamata kwa madai ya kutojistiri ipasavyo, akazimia akiwa kituoni mwao, na tarehe 16 akafariki hospitalini. Serikali ilisema ni maradhi ya zamani. Familia ilikana kwamba alikuwa na maradhi yoyote ya kumuua. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha Machi 2024 kwamba kifo chake kilitokana na kupigwa alipokuwa mikononi mwa polisi hao.

Hijabu ya lazima ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1936 Reza Shah, baba wa Shah aliyepinduliwa 1979, aliipiga marufuku, na askari wake wakawavua wanawake baibui barabarani. Akina bibi wengine walijifungia ndani kwa miaka. Machi 1979, wiki chache tu baada ya mapinduzi, Khomeini alipotaka wanawake wafunike vichwa maofisini, maelfu yao waliandamana Tehran siku ya wanawake, tarehe 8. Wengi walikuwa wamempigania yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Mwaka 1983 ikawa sheria, yenye adhabu ya hadi viboko 74. Kwa hiyo mwanamke wa Iran ameshavuliwa kwa nguvu na ameshavikwa kwa nguvu, na kila mara aliyeshika fimbo alikuwa askari.

Ndiyo maana kifo cha Jina kilipozua maandamano nchi nzima mwaka 2022, ungewaona wenye buibui, chador wanavyoiita, wakiandamana bega kwa bega na waliochoma mitandio. Kaulimbiu yao, "Mwanamke, Uhai, Uhuru", ilianzia kwa Wakurdi, na neno la katikati, jiyan, linatoka kwenye mzizi mmoja na jina la marehemu. Tume ya Umoja wa Mataifa ilihesabu hadi 551 waliouawa katika miezi hiyo, wakiwemo watoto 68. Desemba serikali ilianza kunyonga waandamanaji. Mmoja wao, Majidreza Rahnavard, alitundikwa hadharani kwenye winchi kule Mashhad.

Bunge lilipitisha sheria kali zaidi ya hijabu baada ya hapo. Desemba 2024 utekelezaji wake ukasimamishwa, maana Tehran wanawake wengi walikwisha kuacha kujifunika na hakuna jela ya kuwatosha.

Masunni wana hali gani huko?

Hili huulizwa sana pwani, na pana jambo ambalo wengi hawalijui: Wakurdi wengi wa Iran ni Masunni wa madhehebu ya Shafii, sawa na Waswahili walio wengi. Wabaluchi wa kusini mashariki ni Masunni wa Hanafi. Katiba inayaheshimu madhehebu hayo katika ndoa, mirathi na ibada, lakini ibara ya 115 inamtaka rais awe wa madhehebu rasmi ya nchi, ambayo ni Ithnaasheri. Sunni hawezi kuwa rais. Masunni wa Tehran wamelalamika miaka mingi kunyimwa msikiti wao rasmi. Wanaswali katika nyumba walizozigeuza kumbi.

Siku iliyoua watu wengi kuliko zote mwaka 2022 haikuwa Tehran. Ilikuwa Ijumaa tarehe 30 Septemba kule Zahedan, mji wa Wabaluchi, baada ya swala. Askari walifyatua risasi kwenye uwanja wa swala na karibu na Msikiti wa Makki. Amnesty International ilihesabu waliokufa zaidi ya 60, na baadhi yao walikuwa bado katika ibada. Imamu wa msikiti huo, Molavi Abdolhamid, aliwahi kuwaunga mkono wagombea wa serikali katika chaguzi zilizopita. Baada ya siku ile hotuba zake za Ijumaa zikawa ndizo gazeti la upinzani lililosikika zaidi nchini.

Ukiikosoa serikali ya Iran, si unaukosoa Uislamu?

Waulize maayatullah wenyewe. Hossein-Ali Montazeri alikuwa mrithi aliyeteuliwa wa Khomeini tangu 1985, na mmoja wa walioiandika nadharia ya Wilayatul Faqih ikaingia katika katiba. Kiangazi cha 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa, wengi wakiwa wameshahukumiwa na wengine karibu kumaliza vifungo vyao, walinyongwa magerezani. Montazeri aliwaita wahusika akawaambia usoni kwamba hiyo ni jinai kubwa kuliko zote zilizotendwa na Jamhuri ya Kiislamu. Kanda ya kikao hicho ilitolewa na mwanawe mwaka 2016, na sauti inasikika wazi. Mmoja wa waliokaa mbele yake siku ile alikuwa Ebrahim Raisi, rais wa baadaye.

Montazeri alipoteza urithi Machi 1989. Angalinyamaza angalikuwa Kiongozi Mkuu miezi mitatu baadaye. Badala yake akafungiwa nyumbani Qom kuanzia 1997 hadi 2003. Alipofariki Desemba 2009 mazishi yake yaligeuka maandamano.

Na Ali al-Sistani, Muirani wa kuzaliwa Mashhad anayeishi Najaf na kufuatwa na mamilioni ya Mashia, hajaikubali nadharia kwamba faqihi atawale nchi. Ndani ya Iran ipo hadi mahakama maalumu ya kuwashitaki mashehe. Serikali ya mashehe isingehitaji mahakama kama hiyo kama mashehe wote wangekuwa upande wake.

Lakini si Wamarekani ndio wanaochochea?

Wairani hawakuokota shaka hiyo njiani. Mohammad Mosaddegh, waziri mkuu aliyetaifisha mafuta mwaka 1951, alipinduliwa Agosti 1953 kwa njama za majasusi wa Marekani na Uingereza. CIA yenyewe ilitoa nyaraka za kukiri mwaka 2013. Saddam alipowamwagia gesi ya sumu miaka ya 1980, mataifa makubwa yalitazama pembeni. Na zipo redio na televisheni za Kifarsi nje ya nchi zenye fedha za wenye nia zao.

Ila shaka hiyo imekuwa kamba ya kufungia kila mdomo. Wanafunzi wa 1999 waliandamana kwa kufungiwa gazeti. Wakaambiwa ni vibaraka. Walimu wakidai mishahara, vibaraka. Madereva wa mabasi ya Tehran, vibaraka. Kuna kibwagizo kinachowaudhi wasomaji wetu wengi, kinachosikika tangu 2009: "Si Gaza, si Lebanon, roho yangu naitoa kwa Iran." Anayekiimba huenda hana chuki yoyote na Mpalestina. Anauliza bajeti. Na huwa anauliza kwa jeuri, kwa sababu kwa upole ameshauliza mara nyingi.

Mbona basi haianguki?

Linganisha na mwaka wa kuanguka Shah. Wafanyakazi wa visima vya mafuta waligoma mwishoni mwa 1978 na hazina ikakauka. Wafanyabiashara wa bazari walifunga maduka na kuwalisha waliogoma. Kulikuwa na misikiti kila mtaa, na kiongozi mmoja aliyekubalika hata na wasioswali. Tarehe 11 Februari 1979 majenerali walitangaza kutoegemea upande wowote, na mchezo ukaisha siku hiyo.

Mwaka 2022 palikuwa na ujasiri mwingi ila hayo hayakuwapo. Baadhi ya vibarua wa petrokemikali waligoma, visima vikaendelea. Upinzani wa nje uligombana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akimtaka mwana wa Shah, mwingine hataki kumsikia. Na Sepah hawana pa kukimbilia: Shah na majenerali wake walikuwa na nyumba Ulaya na Marekani, ofisa wa Sepah ana mkataba wa bwawa na nyumba Isfahan. Pia wapo wanaoipenda serikali kwa dhati, familia za mashahidi na watu wa vijijini waliopata umeme na zahanati baada ya 1979, na wapo wengi zaidi wasioipenda ila wameitazama Syria wakaogopa.

Wanatumiaje intaneti iliyofungwa?

Kwa programu wanazoziita filtershekan, kivunja chujio. Telegram ilizuiwa 2018, Instagram na WhatsApp Septemba 2022. WhatsApp ikafunguliwa Desemba 2024. Wauzaji wa nguo na keki wenye biashara zao Instagram hununua kivunja chujio kila mwezi kama wanavyonunua vocha.

Sisi inatuhusu nini?

Mwenye swali hili huwa ameshatumia neno la Kiajemi kabla ya kumaliza kuuliza. Serikali ni sarkar. Bandari ni bandar. Makunduchi wakipigana migomba kwa Mwaka Kogwa wanasherehekea Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Wapo Waithnaasheri wa Dar, Unguja na Mombasa, wapo vijana wetu wanaosoma Qom, na chai ya Kenya imenyweka Tehran kwa miaka mingi.

Kwa nini habari za Iran hutokea sana makaburini?

Kwa sababu ya arobaini, tena arobaini hiihii yetu ya kuhitimisha matanga. Januari 1978 wanafunzi wa dini waliandamana Qom baada ya gazeti kumtukana Khomeini, wakapigwa risasi. Siku ya arobaini yao, tarehe 18 Februari, Tabriz ikalipuka na watu wakafa. Mwishoni mwa Machi, siku ya arobaini ya wa Tabriz, ikafuata Yazd. Kila mazishi yalizaa mazishi, na Shah hakujua namna ya kuzuia hitima. Khomeini aliporudi kutoka Ufaransa tarehe 1 Februari 1979, alitoka uwanja wa ndege akaenda makaburi ya Behesht-e Zahra, na hapo juu ya waliokufa ndipo alipotoa hotuba yake kubwa ya kwanza.

Waliorithi dola wanaijua njia hiyo, maana ndiyo waliyoingilia. Familia nyingi za waliouawa 2019 na 2022 zilizuiwa kufanya matanga, nyingine zikalazimishwa kuzika usiku. Na wananchi nao wanaijua. Mwaka 2009, giza likiingia, Tehran ilisikika ikipiga takbiri kutoka juu ya mapaa, nyumba hadi nyumba, kama 1978. Basiji walibaki mitaani wakitazama juu, kwa sababu utamkamata vipi mtu kwa kosa la kusema Allahu Akbar?

Tarehe 26 Oktoba 2022 ilikuwa arobaini ya Jina. Askari walifunga barabara ya kwenda makaburi ya Aichi, nje ya Saqqez. Watu wakashuka kwenye magari wakapita mashambani kwa miguu, msururu mrefu kando ya barabara kuu, wazee kwa vijana. Picha moja ilizunguka dunia: msichana kasimama juu ya gari, nywele mgongoni, anautazama msururu ule. Kwenye kaburi familia iliandika kwa Kikurdi kwamba Jina hafi, na kwamba jina lake litakuwa alama. Mwaka ulipotimia, tarehe 16 Septemba 2023, mji ulijazwa vikosi, na familia ikazuiwa kumfanyia hitima.